Barua kwa Mwalimu: Harry Potter Kwenye Televisheni

Katika toleo lililopita niliandika aya tatu tu kuhusu riwaya za Harry Potter, mvulana yatima anayesoma katika shule ya sihiri ya Hogwarts, ambazo kampuni ya HBO inazigeuza kuwa tamthilia ya televisheni, nikadhani nimelimaliza jambo hilo. Nilieleza kwamba mpango ulitangazwa Aprili 2023, kwamba mwandishi wa riwaya hizo, J.K. Rowling, ni mmoja wa watayarishaji wakuu, kwamba nia ni kutumia takriban miaka kumi kuvipitia vitabu vyote saba, na kwamba upigaji picha ulianza huko Uingereza Julai 2025. Barua zilizofuata zimenilazimu kuahirisha makala ya ushairi niliyokuwa nimewaahidi. Wapo wanaoisubiri tamthilia hii kama watu wanaoutafuta mwezi mwandamo, na wapo ambao wangefurahi lau mitambo yote ya kupigia picha ingeharibika kesho asubuhi. Nimechagua barua chache zinazowakilisha mivutano hiyo, nikazifupisha pale zilipojirudia.

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi. Vitabu vyote saba nilivinunua kimoja kimoja kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara katikati ya jiji, nikavisoma ndani ya matatu za kwenda na kurudi kazini. Cha tano nimekisoma mara tatu. Filamu ziliniudhi mno, kwa sababu wahusika waliachwa na mambo yaliyonitoa machozi yakapitwa kama kituo kisicho na abiria. Sasa tunaambiwa tamthilia itakuwa aminifu kwa kitabu. Kwa nini basi wasiahidi kutobadilisha hata neno moja? Si kitabu kimekwisha kuandikwa? (Msomaji wa Buruburu)

JIBU: Ndugu yangu, malalamiko yako kuhusu filamu yana msingi, tena msingi imara kuliko ulivyoueleza. Kitabu cha pili ni miongoni mwa vile vifupi kabisa, kikipitwa kwa ufupi na cha kwanza peke yake, ilhali filamu yake, yenye dakika 161, ndiyo ndefu kuliko zote nane. Kitabu chako cha tano ndicho kirefu kupita vyote, kina sura 38 na, katika chapa ya kwanza ya Uingereza, kurasa 766. Filamu yake ikapewa dakika 138, na ni filamu moja tu kati ya zote iliyo fupi kuliko hiyo. Filamu ya sinema hupimwa kwa muda ambao mtu anaweza kuvumilia kukaa kitini, wala haijali kitabu kina uzito gani mkononi. Ndiyo maana Peeves, yule pepo mtukutu anayewasumbua wanafunzi wa Hogwarts, hakuonekana hata mara moja, ingawa mwigizaji Rik Mayall alikwisha kupigwa picha akiwa katika nafasi hiyo wakati wa filamu ya kwanza, kisha sehemu zake zikakatwa. Mimi Peeves simlilii sana. Ninacholilia ni kampeni ya Hermione, rafiki yake Harry, ya kuwatetea vijakazi wa majumbani, wale viumbe wanaopika na kufua bila mshahara na ambao wenzake wote wanaona hali yao kuwa ya kawaida. Filamu ziliiacha yote. Katika jiji hili la Nairobi, ambamo nyumba nyingi husimama kwa jasho la yaya anayeamka kabla ya mwenye nyumba, nadhani kisa hicho kingeeleweka upesi kuliko michezo ya kuruka juu ya ufagio.

Televisheni inanunua muda, na muda ndio uliokosekana. Hapo tuko pamoja. Tunapoachana ni kwenye hilo neno lako la mwisho, la kutobadilisha hata neno.

Nimefundisha riwaya teule kwa miaka mingi, na kila mwaka vikundi vya maigizo huzileta riwaya hizo jukwaani kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Kila mwaka pia, tukirejea shuleni, mwanafunzi mmoja hodari hunijia na kitabu kilichojaa mistari ya penseli kunionyesha kurasa walizoziruka. Huwa namwuliza swali moja: mwandishi anaposema kwamba mhusika alinyamaza huku moyo ukimwenda mbio, mwigizaji aliye mita ishirini kutoka kwako akuonyeshe moyo huo kwa njia gani? Lazima atende jambo ambalo halimo kitabuni. Riwaya za Harry Potter, ukiondoa sura chache kama ile inayofungua kitabu cha kwanza, zimesimuliwa kutoka upande wa Harry mwenyewe. Tunayajua anayoyajua yeye, tunamchukia anayemchukia. Kamera haiwezi kukaa ndani ya fuvu la mtoto. Hata mwandishi wa tamthilia aliyeapa kutogusa kitu, atakigusa tu.

Tena sisi wenyewe tunatoka katika fasihi ya namna hiyo. Shaaban Robert alipoandika Adili na Nduguze, kilichochapishwa mwaka 1952, aliuchukua mgongo wa kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, cha mtu ambaye ndugu zake wawili waligeuzwa mbwa na yeye akalazimika kuwachapa kila usiku. Katika kitabu cha Shaaban Robert mbwa wamekuwa manyani, na nchi, majina na mafunzo vimekuwa vyake. Sijapata kumsikia msomaji wa Kiswahili akidai arudishiwe mbwa wake. Kilichobaki palepale ni ile adhabu ya kila usiku, kwa sababu ukiiondoa, hadithi nzima inaporomoka.

Mfano ulio karibu zaidi ni kisa cha Fumo Liyongo. Muhamadi Kijumwa aliutunga utenzi wake mwaka 1913, lakini kabla yake na baada yake kisa hicho kimesimuliwa na watu wengi pwani yote, na masimulizi hayafanani. Aliyemuua hutajwa kuwa mwanawe, na wengine humtaja mpwa wake. Sindano ya shaba iliyomuua kwa kuchomwa kitovuni, hata hivyo, haihami, na mkate uliofichwa tupa ndani yake ili Liyongo akate minyororo gerezani nao hauhami. Kila msimulizi anaujua uhuru wake unaishia wapi, na wasikilizaji wanajua pia.

Kwa hiyo, badala ya kuhesabu maneno yaliyobadilishwa, mimi nitaikalia tamthilia hii nikiwa na swali la sindano. Katika Harry Potter, sindano ninazoziona ni chache: kabati la chini ya ngazi na upweke wa mtoto anayelala humo, kifo cha mama anayejiweka mbele ya mwanawe, na Snape, mwalimu wa Hogwarts, kuwa mtu tusiyejua tumweke upande gani hadi mwisho kabisa. Wakivigusa hivyo, nitakuwa wa kwanza kuandika barua ya malalamiko, na wewe utakuwa wa pili. Wakimpa Ron, rafiki yake Harry mwenye nywele nyekundu, nywele nyeusi, nitakunywa chai yangu.

SWALI: Mwalimu, sioni haja ya tamthilia hii. Filamu nane zipo, za kuanzia 2001 hadi 2011, na kila mtu anazijua nyuso zile. Huu ni uroho wa pesa tu. Kwani hadithi zimekwisha duniani? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Kahawa)

JIBU: Ni biashara, na hakuna aliyeficha kwamba ni biashara. Kampuni inayojua kuwa mamilioni ya watu watafungua televisheni kwa sababu ya jina moja haitaliacha jina hilo lilale. Lakini tukianza kuzikataa kazi za sanaa kwa sababu zina pesa ndani yake, itatubidi tuanze na magazeti, likiwamo hili.

Kuhusu nyuso, kumbukumbu yako imekuhadaa kidogo. Richard Harris, aliyekuwa Dumbledore, mkuu wa shule ya Hogwarts, katika filamu mbili za mwanzo, alifariki Oktoba 2002, na kuanzia filamu ya tatu nafasi yake ikachukuliwa na Michael Gambon, ambaye hakufanana naye kwa sauti wala kwa mwendo. Watu walinung'unika kwa msimu mmoja, kisha wakazoea, na leo wapo wengi wasiokumbuka kwamba kulikuwa na wawili. Safari hii ni John Lithgow, Mmarekani, na manung'uniko yameanza upya kwa wimbo uleule.

SWALI: Nina jambo linalonikera na naomba usinione mbaguzi, maana mimi mwenyewe ni Mwafrika wa hapa South C. Snape wa kitabuni ameelezwa kuwa na ngozi iliyofifia, pua iliyopinda na nywele nyeusi zenye mafuta. Sasa nafasi hiyo amepewa Paapa Essiedu, ambaye ni mweusi. Kama sisi hatutaki mashujaa wetu wageuzwe Wazungu, kwa nini tushangilie wao wakigeuzwa weusi?

SWALI: Mwalimu, niliposikia habari za Essiedu niliruka juu. Nimesoma vitabu hivi tangu darasa la sita, na katika michezo yetu ya mtaani mimi ndiye niliyekuwa Snape, kwa sababu nilikuwa mrefu na mkimya. Hakuna aliyeniambia kwamba siwezi. Wanaolia leo wanalilia nini? (Kijana wa Kayole)

JIBU: Nimeziweka barua hizi mbili pamoja makusudi, kwa sababu kila moja imeshika upande mmoja wa kamba na zote mbili zimevuta vizuri.

Nianze na msomaji wa South C, ambaye swali lake ni la haki na halina ubaguzi wowote ndani yake. Mfano mzito anaoweza kuutumia ni wa Ursula K. Le Guin, mwandishi Mmarekani aliyechapisha mwaka 1968 riwaya ya kifantasia kuhusu visiwa vya Earthsea. Shujaa wake, Ged, ana ngozi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, na rafiki yake mkubwa ni mweusi. Watu weupe katika ulimwengu huo ni wachache, tena wageni. Le Guin alifanya hivyo kwa kukusudia, akiwa amechoshwa na fantasia zilizoamini kwamba shujaa huzaliwa mweupe. Mwaka 2004 kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kikaonyesha tamthilia iliyotokana na riwaya hizo, na Ged akaigizwa na kijana Mzungu. Mwandishi alilalamika waziwazi. Kama alikuwa na haki ya kulalamika, na mimi naamini alikuwa nayo, je, msomaji wa Rowling hana haki hiyohiyo?

Tofauti iko kwenye ile sindano. Rangi ya Ged ilikuwa sehemu ya jambo ambalo kitabu kilikuwa kikilisema, ukiibadilisha, umelifuta. Weupe wa Snape haukuwekwa ili kusema lolote. Ni maelezo ya mtu asiyeota jua, anayeishi chini ya ardhi na dawa zake, na ambaye mwandishi anataka tusimpende tangu mwanzo. Mwigizaji mzuri atatufanya tusimpende bila msaada wa rangi. Essiedu, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake walitoka Ghana, aliwahi kuwa Hamlet katika Royal Shakespeare Company mwaka 2016. Hamlet ni mwana wa mfalme wa Denmark, na Denmark haikutikisika.

Wala si mara ya kwanza kwa ulimwengu huu wa Harry Potter. Mwaka huohuo wa 2016, mchezo wa jukwaani unaoendeleza hadithi hiyo ulipofunguliwa London, Hermione aliyekwisha kuwa mtu mzima aliigizwa na Noma Dumezweni, mwigizaji mweusi, na Rowling akamtetea kwa kusema kwamba vitabu havikuwahi kutamka kuwa Hermione ni mweupe.

Kwa upande wetu, mabadiliko ya namna hii yamewahi kutujia kupitia Kiswahili chenyewe. Kisa cha Alice, msichana wa Kiingereza anayemfuata sungura shimoni, kilipotolewa mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, michoro ilimwonyesha Elisi kuwa msichana wa Kiafrika. Sungura ni yuleyule, shimo ni lilelile, na mtoto anayetumbukia ndani yake ni jirani yako. Waliokisoma kitabu hicho udogoni hawakuona kwamba wameibiwa kitu.

Lakini wewe kijana wa Kayole usishangilie haraka mno, kwa maana kuna mahali ambapo hata mimi nina wasiwasi. Katika kitabu cha tano Harry anaingia katika kumbukumbu ya Snape na kumwona alipokuwa mwanafunzi, akidhalilishwa mbele ya umati na baba yake Harry pamoja na marafiki zake, wakimning'iniza kichwa chini kwa ajili ya kicheko. Kitabuni, ni vijana wenye nguvu wakimwonea kijana maskini asiye na marafiki. Kama Snape huyo mdogo naye ni mweusi na wanaomning'iniza ni weupe, mtazamaji yeyote mwenye akili ataona jambo jingine, ambalo mwandishi hakuliandika, na baba yake Harry atakuwa mtu mbaya zaidi kuliko alivyokusudiwa kuwa. Hapo tamthilia itakuwa na njia mbili tu: ama ikubali jambo hilo na kulibeba hadi mwisho, ama ijifanye haioni. Njia ya kwanza ni ngumu na inaweza kutoa kazi nzuri kuliko hata filamu. Ya pili itakuwa aibu. Francesca Gardiner, mwandishi mkuu wa tamthilia, ana kazi hapo, na sitamhukumu kabla hajaifanya.

Msomaji wa South C, nakupa kura yako juu ya wasiwasi, bali sikupi juu ya hukumu. Kijana wa Kayole, ulikuwa Snape halali kabisa.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka minane na kumi na mitatu, tunaishi Umoja. Watoto wamesikia habari za tamthilia hii shuleni na hawazungumzi jingine. Kanisani tumeambiwa kwamba ni hadithi ya shule ya wachawi na kwamba inawafungulia watoto mlango usiofaa. Mume wangu anasema ni upuuzi, ni hadithi tu. Nyumba imegawanyika. Unasemaje? (Mama wa wawili)

JIBU: Mama, sitasema kwamba hofu hiyo ni upuuzi, na namwomba baba watoto naye asiseme hivyo mbele ya watoto. Katika nchi yetu neno uchawi halijakaa vitabuni tu. Wazee wameuawa Kilifi na Kisii kwa sababu ya kushukiwa, na Sheria ya Uchawi iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1925 bado imo katika vitabu vya sheria za Kenya. Mzungu anaposikia neno la kwao, wizard, humjia kichwani mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia iliyochongoka. Wewe ukisikia mchawi, anakujia mtu anayetembea usiku kudhuru jirani. Maneno mawili hayo yanatafsiriana katika kamusi, lakini hayatafsiriani moyoni.

Nadhani ugomvi wa nyumbani kwako, na wa makanisa mengi, umeanzia hapo. Katika Kiswahili mchawi ana hatia tangu jina lake linapotamkwa; hatuna mchawi mwema. Tuna mganga, ambaye huagua, na tuna wafanya mazingaombwe na viinimacho, ambao huchezea macho ya watu sokoni. Watoto wa Hogwarts hawaingii katika chumba chochote kati ya hivyo. Wamezaliwa na uwezo kama vile mwingine anavyozaliwa na sauti ya kuimba, wanapelekwa shule ili waudhibiti, wanafanya mitihani na wanapewa adhabu wakichelewa. Yule anayefanana na mchawi wetu hasa, anayeua ili asife, ni Voldemort, adui mkuu wa Harry, peke yake na wafuasi wake, na vitabu vyote saba ni vita dhidi yao. Ningekuwa natafsiri riwaya hizi, nisingethubutu kutumia neno mchawi kwa Harry. Ningetafuta upande wa sihiri, hata kama msomaji angelazimika kulizoea neno hilo kwa kurasa kumi za kwanza.

Wala watoto wako hawatakuwa wa kwanza kukua na hadithi za viumbe wasioonekana. Mimi na wewe tumekua na mazimwi yanayomeza kijiji kizima na majini wanaoolewa na wavuvi, na waliotusimulia walikuwa bibi zetu, ambao Jumapili walikuwa kanisani kabla ya mchungaji.

Jambo ninalolihofia mimi ni umri. Vitabu hivi vinakua pamoja na mhusika mkuu, na vinakua kuelekea gizani. Vitatu vya kwanza vina vitisho vinavyoisha mwishoni mwa kitabu. Katika cha nne mwanafunzi mwema anauawa bila sababu yoyote isipokuwa kwamba alikuwa pale, na baada ya hapo vifo havikomi. Tamthilia itakapofika huko, mtoto wako wa miaka minane wa leo huenda akawa ameongeza miaka kadhaa, na hilo ni jema. Angalia alama za Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya zitakapotolewa, na uketi naye kwenye vipindi vya mwanzo ukimwuliza anachokiona. Mchungaji wako naye anaweza kuketi, kama atakuwa na nafasi. Huyo wa miaka kumi na mitatu nina hakika ameshavisoma vitabu kwa siri, lakini hilo ni lako na lake.

SWALI: Tunapoteza karatasi kuwajadili Waingereza. Kwa nini hakuna anayetutengenezea tamthilia ya riwaya zetu za ajabu? (Mwenye uchungu, Pangani)

JIBU: Uchungu wako ninao pia. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, inasimulia nchi iliyo angani, yenye wajumbe wanaotumwa pande sita za ulimwengu na kurudi na habari zinazowapeleka gerezani; ni tamthilia ya vipindi sita iliyojipanga yenyewe, inamsubiri mtu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025, aliacha Mũrogi wa Kagogo, riwaya ya mtawala anayevimba kama puto na mtu anayejifanya mganga kisha watu wakamwamini. Walioisoma kwa Kikuyu wanasema inachekesha kuliko ya Kiingereza, na sina sababu ya kubisha.

Kinachokosekana ni fedha. Nchi iliyo angani haipigwi picha katika msitu wa Karura kwa siku mbili. Hata hivyo, usidharau njia za hapa kwetu za kuzigeuza kazi za wengine. DJ Afro amewasimulia maelfu ya Wakenya filamu za kigeni kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, akipaza sauti yake juu ya sauti za waigizaji, na katika vibanda vya video watu hulipa ili wamsikie yeye hata kama filamu yenyewe wanaijua. Huyo ni msimulizi wa kikwetu kabisa. Hogwarts ikifika mikononi mwake, msomaji wetu wa Buruburu aliyekataza neno moja kubadilishwa atahitaji maji baridi.

SWALI: Hujambo Mwalimu? Mimi niko darasa la saba, naishi Kaloleni. Kaka yangu amesema nisubiri tamthilia kwa sababu kusoma kutaniharibia utamu. Rafiki yangu amesema nisome kwanza. Nimsikilize nani?

JIBU: Sijambo, mwanangu. Msikilize rafiki yako, na kaka yako mwambie namsalimu. Ukishaiona sura ya mwigizaji, hutaweza tena kumtunga Snape wako mwenyewe kichwani, na huyo wako nataka umpate kwanza, awe mweupe, mweusi au mwenye sura ya mwalimu wenu wa hesabu. Kitabu cha kwanza kina sura 17 fupifupi, na ndicho kitakachoonyeshwa katika msimu wa kwanza. Ipo maktaba ya jiji palepale Kaloleni. Nenda Jumamosi asubuhi uulize, na wakikuambia hawana, uliza ile ya Makadara. Maneno magumu yaandike pembeni kwenye daftari, usisimame kuyatafuta. Ukimaliza sura ya kumi na saba niandikie Snape wako anafananaje, nami nitamweka katika ukurasa huu.